Uaminifu Ulio Chini ya Rangi



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja maswali mawili. La kwanza: Je, kuna faida gani kuifanya vema sehemu ile ya kazi ambayo hakuna mtu atakayeiona? La pili: Mtu akikifanya kitu kifanane kabisa na kweli, je, amesema kweli? Kila afanyaye kazi kwa mikono, au kwa kalamu, au kwa kinywa mbele ya darasa la ubatizo, huyakuta maswali haya siku moja. Mfano tutakaoutumia watoka mbali, kwa watu wa Marekani wanaozitengeneza motokaa za zamani na kuzipeleka mbele ya waamuzi. Pengine msomaji atauliza, Motokaa zina nini na mambo ya roho? Namwomba asubiri kidogo, asome hata mwisho.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwaka wa 1935, katika mji wa Philadelphia, kilianzishwa chama cha kutunza motokaa za kale, jina lake Antique Automobile Club of America. Mkutano wake mkubwa wa mji wa Hershey, katika jimbo la Pennsylvania, ulianza mwaka wa 1955. Waamuzi wa chama hicho hawaulizi, Je, motokaa hii yapendeza? Huuliza, Je, ndivyo ilivyokuwa ilipotoka kiwandani na kukabidhiwa mnunuzi wake wa kwanza? Kila motokaa huanza na alama 400. Kisha waamuzi huizunguka, huinama, hutazama chini yake na ndani yake na penye injini, na kwa kila kosa hupunguza alama.

Chukueni mfano wa Ford Model T, motokaa ya watu wa kawaida, iliyotengenezwa tangu mwaka wa 1908 hata 1927, nazo zilipita milioni 15. Tangu mwaka wa 1914 hata 1925 zilipakwa rangi nyeusi tu. Zile za miaka ya kwanza zilikuwa na shaba ya manjano mbele, lakini kuanzia toleo la mwaka wa 1917 shaba ile iliondolewa. Basi mtu mwenye Ford ya mwaka wa 1920 akiipaka rangi nyekundu na kuipamba kwa shaba ing'aayo, watazamaji watamsifu. Bali mwamuzi atampunguzia alama. Kwa nini? Kwa sababu amefanya kama apendavyo yeye, wala si kama ilivyokuwa.

Ili kuepuka kosa la namna hii, mtu huifungua motokaa yote hata mifupa. Kila kipande hupigwa picha kabla ya kuondolewa mahali pake, na kila parafujo huwekwa katika kifuko chenye maandishi. Hutafuta vitabu vya kiwanda na picha za kale. Husafiri kwenda kuitazama motokaa nyingine ya mwaka ule ule ambayo haijaguswa, apate kujua viti vilishonwaje, na vichwa vya bolti vilikuwa na alama gani. Kazi ya namna hii ikifanywa kwa ukamilifu hula maelfu ya saa, na mara nyingi miaka. Mwisho wa yote waamuzi hutazama kwa muda mfupi tu, wakaenda zao.

Sasa na tuitazame kazi hii kwa macho ya Mkristo. Naona mambo manne.

La kwanza ni utii. Fundi wa namna hii hujinyima haki ambayo mafundi wengi huipenda mno, yaani haki ya kukizidisha kitu uzuri. Katika Marekani kuna chama kingine, National Corvette Restorers Society, kilichoanza mwaka wa 1974 kwa ajili ya Chevrolet Corvette, motokaa yenye mwili wa nyuzi za kioo zilizogandishwa, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1953. Kipimo chao ni alama 4,510, na mwenye kutaka cheti cha juu hana budi kupata asilimia 94. Na jambo la ajabu ni hili: katika kiwanda kile watu walifanya kazi kwa haraka. Rangi ilitapakaa mahali isipotakiwa, gundi ilichuruzika, mkaguzi aliandika alama yake kwa chaki juu ya chuma akaiacha. Basi fundi wa leo, ambaye mkono wake waweza kufanya kazi safi kuliko ile ya kwanza, huiacha gundi ichuruzike vile vile, na rangi huiacha bila mng'ao usiokuwapo tangu mwanzo. Akiizidisha uzuri, hilo nalo huhesabiwa kuwa kosa.

Wengine watacheka, wakisema, Huu ni upumbavu, kuyaiga hata makosa! Lakini hapa pana fundisho. Si vigumu sana kukitumikia kitu kwa kadiri tukipendacho. Vigumu ni kukitumikia kama kilivyo. Mwalimu anayefundisha habari za Daudi, akiyapita kimya kimya yale ya mke wa Uria ili mfalme aonekane mzuri zaidi, amepaka rangi mahali pasipokuwa na rangi. Waandishi watakatifu hawakufanya hivyo. Walituachia mababa wa imani pamoja na makosa yao, nasi twashukuru, maana kwa hayo twajua ya kuwa Mungu aliwachukua watu kama sisi.

La pili ni kazi isiyoonekana. Waamuzi huinama chini ya motokaa, lakini hata wao wana mpaka wao: hawaifungui injini iliyokwisha kufungwa. Kilichomo ndani yake fundi peke yake hukijua. Na hapa mafundi hugawanyika. Mmoja husema, Mwamuzi hafiki huku, yatosha kupaka nje. Mwingine husafisha na kupima na kurekebisha hata kile kitakachofunikwa milele. Wahenga walimjua yule wa kwanza, wakasema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bwana wetu naye aliwajua, akawalinganisha watu wa namna ile na makaburi yaliyopakwa chokaa.

Juu ya yule wa pili tuna habari nzuri katika kitabu cha pili cha Wafalme. Siku za mfalme Yoashi nyumba ya Bwana ilikuwa imebomoka, na fedha zilikusanywa ili itengenezwe. Fedha zile zilitiwa mikononi mwa wasimamizi, wao wakawalipa maseremala na waashi na wachonga mawe. Imeandikwa ya kwamba hakuna aliyewadai hesabu wasimamizi wale, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Angalieni, ndugu: heshima yao haikuwa cheti, wala sifa ya watazamaji. Heshima yao ilikuwa hii, kwamba hapakuwa na haja ya kuwachungulia. Basi faida ya kuifanya vema sehemu isiyoonekana ni nini? Faida yake ni kwamba hapo ndipo mtu anapojulikana kuwa ni mtu gani. Mahali mwamuzi anapotazama, hata mdanganyifu hufanya vema.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo lahusu lile swali letu la pili. Injini ya Corvette ya zamani ina namba zilizogongwa juu ya chuma, za kuonyesha ni injini ya aina gani, na katika nyingi ni ya motokaa ipi. Tena katika chuma chake iko tarehe ya siku kilipomiminwa katika kalibu: herufi moja kwa mwezi, A ikiwa Januari, B ikiwa Februari, hata L iliyo Desemba; kisha siku; kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Motokaa ambayo ingali na injini yake ya kwanza huuzwa kwa bei kubwa kuliko ile iliyobadilishwa. Na kwa kuwa iko bei, liko na jaribu. Kuna watu wanaotafuta injini nyingine yenye kufanana na ile iliyopotea, wakaifuta namba yake, wakagonga juu yake namba ya motokaa yao, kwa herufi za umbo lile lile la kiwanda. Jicho lisilozoea haliwezi kutambua.

Basi, je, huyu amefanya nini? Mmoja atasema: Yote katika motokaa ile yameigwa. Rangi ni mpya, ngozi ya viti ni mpya, alama ya chaki imeandikwa na mtu ambaye hajapata kukiona kiwanda kile. Ikiwa hayo si uongo, mbona namba iwe uongo?

Swali hili lafaa kujibiwa kwa uangalifu, wala si kwa hasira. Mtoto wa shule anayeiiga herufi ya mwalimu wake ubaoni hasemi uongo, maana kila mtu ajua kwamba anaiga. Lakini akiiga sahihi ya mwalimu huyo juu ya cheti, amesema uongo, ijapokuwa mkono ni ule ule na wino ni ule ule. Tofauti haimo katika kufanana. Imo katika neno ambalo kitu kile chamwambia jirani. Rangi mpya yasema, Hivi ndivyo ilivyokuwa. Namba iliyogongwa upya yasema, Mimi ndimi ile ya kwanza. La kwanza ni mfano, la pili ni ushuhuda. Na ushuhuda huo si kweli.

Mnakumbuka habari za Anania na Safira katika kitabu cha Matendo. Kosa lao halikuwa kwamba walizuia sehemu ya fedha za kiwanja chao. Petro mwenyewe aliwakumbusha kwamba kiwanja kilikuwa chao, na fedha zake zilikuwa katika mamlaka yao. Kosa lao ni kwamba walileta sehemu, wakataka ihesabiwe kuwa ndiyo yote. Vivyo hivyo kuwa na injini nyingine si dhambi. Vyuma huchakaa na kupasuka, na mwenye motokaa huru kutia injini nyingine. Dhambi ni kuivika injini hiyo jina lisilo lake.

Kuna mtu atakayejitetea hivi: Mimi sitaki kuuza, nagonga namba kwa ajili ya ukamilifu wa kazi yangu tu, wala simdhulumu mtu. Lakini mtu huyu hakumbuki kwamba chuma chaishi kuliko mwanadamu. Yeye atakufa, na watoto wake watauza wasijue lolote. Na ile namba itaendelea kumdanganya mnunuzi, na mnunuzi wa mnunuzi, miaka hamsini baada ya mkono ulioigonga kuwa mavumbi. Twafikiri uongo wetu twaweza kuushika mkononi na kuuzuia tutakapo. Kumbe ukishatoka huenda wenyewe. Kwa sababu hiyo mafundi walio waaminifu huandika kitabu cha kazi yao, pamoja na picha, wakisema wazi: hiki ni cha kwanza, hiki ni kipya, hiki kimetoka katika motokaa nyingine. Kitabu hicho hukikabidhi pamoja na motokaa. Aandikaye hivi pengine hupoteza fedha nyingi, lakini hulala usingizi.

Tusidhani ya kuwa jambo hili ni la Wamarekani na motokaa zao tu. Mhazini wa usharika alitoa fedha mwezi wa tatu bila kuandika stakabadhi. Mwezi wa sita mkaguzi yuko njiani. Fedha hazikupotea, hata senti moja. Zilinunua mabati, nayo mabati yako juu ya paa, kila mtu ayaona. Basi mhazini hukaa usiku, akaandika stakabadhi kwa tarehe ya mwezi wa tatu, kwa kalamu yenye wino wa rangi nyingine ili zisifanane zote. Au mwalimu wa darasa hakuandika mahudhurio kwa majuma manne. Siku ya mwisho hujaza daftari lote mara moja, akitia alama kwa kadiri akumbukavyo, na hapa na pale humweka mmoja kuwa hayupo, ili daftari lionekane la kweli. Ndugu, hawa nao wamegonga namba. Pengine kila neno waliloandika lapatana na mambo yalivyokuwa. Lakini daftari lasema, Niliandikwa siku ile, nalo halikuandikwa siku ile. Ingekuwa heri mhazini yule aandike tarehe ya leo, na kando yake maneno haya: Sikuandika kwa wakati wake, naandika sasa. Karatasi hiyo ingekuwa na doa, lakini ingekuwa kweli. Mkaguzi angemkemea, na baada ya kemeo lile angeweza kumwamini.

La nne ni habari ya kovu. Huko Pebble Beach, katika California, yako maonyesho ya motokaa yaliyoanza mwaka wa 1950. Katika miaka ya kwanza tuzo kuu ilipewa motokaa mpya. Mwaka wa 1955 ilipewa motokaa ya kale, Pierce-Arrow ya mwaka wa 1931, mali ya Phil Hill, dereva aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1961. Tangu hapo, kwa miaka mingi, zile zilizofanywa upya kwa ukamilifu zikawa ndizo zenye kusifiwa. Lakini mwezi wa Agosti mwaka wa 2024 tuzo kuu ilipewa Bugatti Type 59 ya mwaka wa 1934, motokaa ya mbio ambayo baadaye ilikuwa mali ya Leopold III, mfalme wa Wabelgiji. Haikuwa imefanywa upya. Rangi yake nyeusi ilikuwa kuukuu, imekwaruzika na kupasuka mahali pengi. Katika historia yote ya maonyesho yale haikuwa imetokea kwamba motokaa iliyohifadhiwa hivyo ishinde zote.

Waamuzi waliona nini? Waliona kwamba rangi mpya, hata ikiwa sawasawa na ile ya kwanza, ni mfano wa kweli. Bali rangi kuukuu ni kweli yenyewe. Mikwaruzo ile ni habari ya safari zake, na anayeifuta hawezi kuirudisha tena. Nasi tuliofundishwa habari ya Pasaka hatutashangaa. Bwana aliyefufuka alikuwa na mwili mpya wa utukufu, lakini alama za misumari hazikufutwa. Kwa alama zile Tomaso alimjua. Mungu atengenezapo upya hatengenezi kwa kuficha.

Sasa lazima niseme neno la kuonya, nisije nikawasifu watu hawa kupita kiasi. Bidii si njema kwa kuwa ni bidii tu. Mtu aweza kumtolea chuma saa elfu tano, huku mke wake akila peke yake na watoto wake wakimjua kwa mgongo. Wako wanaozipakia motokaa zao juu ya magari ya kukokotwa ili magurudumu yasiguse vumbi, hata kitu kilichofanywa ili kiende kikawa sanamu ya kutazamwa. Huko Pebble Beach wana kanuni ya busara: kabla ya maonyesho iko safari ya barabarani, na motokaa mbili za kundi moja zikilingana alama, ile iliyomaliza safari hutangulizwa. Karibu na kwetu, mjini Nairobi, yako mashindano ya namna hii yaliyoanza mwaka wa 1970. Na msomaji apitaye huko na atazame, asijizuie kufurahi, maana kufurahia kazi njema ya mikono si dhambi. Ila kila mtu na ajiulize hivi: Kitu hiki nakitumikia, au nakiabudu? Kazi inayotumikiwa humrudisha mtu kwa jirani yake akiwa mkweli na mvumilivu zaidi. Kazi inayoabudiwa humla.

Natumaini sasa maswali yetu yamepata jibu. Sehemu isiyoonekana ndiyo ipimayo uaminifu, kwa maana hapo hakuna malipo. Na kufanana na kweli si kusema kweli: kweli husemwa pale mtu anapokubali kitu kijulikane kama kilivyo, pamoja na kilichobadilishwa na kilichopungua.

Lakini lipo neno moja ambalo waamuzi wa Hershey hawawezi kutufundisha. Wao huanza na alama 400 na kazi yao ni kupunguza. Ikiwa Mungu angetupima kwa njia hiyo, asubuhi moja tu ingetosha kuzimaliza zote. Sisi hatusimami mbele zake kwa alama zilizosalia, bali kwa neema ya yule aliyechukua upungufu wetu. Na kwa sababu hiyo hatuna haja ya kugonga namba ya uongo juu ya maisha yetu. Aliyesamehewa aweza kuandika kwa tarehe ya leo: Sikufanya kwa wakati wake, nafanya sasa. Basi, wapendwa, kila mmoja na afungue daftari lake kabla mkaguzi hajafika, aandike palipo na doa kwamba pana doa, kisha aendelee na kazi yake kwa amani.